Kutoka faili la Access hadi seva: niliyojifunza katika kuhama

Microsoft Access, programu ya hifadhidata inayokaa kwenye kompyuta ya mezani, ilitoka mwaka 1992, na wengi tulioingia kwenye kazi ya data kwa kujifundisha wenyewe tulipitia mlango huo. Siiongelei kwa dharau. Ndiyo iliyonifundisha jedwali ni nini, ufunguo msingi (namba inayotambulisha kila rekodi) ni nini, na kwa nini jina la mteja likae mahali pamoja tu. Ofisi inaelemewa na kazi, yupo mtu mwenye ujuzi kidogo, programu tayari iko kwenye mashine. Haupiti muda ila inapatikana fomu ya kuingizia data na ripoti ya kuchapisha. Mifumo mingi yenye manufaa imezaliwa hivyo, na wa kwetu ni mmojawapo: rejista ya vifaa vinavyoletwa kutengenezwa. Nani kaleta nini, kina hitilafu gani, fundi gani kakishika, kimetoka lini. Baadaye vikaongezeka vipuri, kisha ankara, kisha miadi ya mafundi wanaowafuata wateja waliko.

Access ikianza kulemewa, watu hukimbilia kutaja ukomo wa ukubwa: faili moja halivuki 2 GB. Ni kweli, na ukomo huo haujabadilika tangu Access 2000. Nyaraka zake zinataja pia watumiaji 255 kwa wakati mmoja. Mfumo wetu haukuzikaribia nambari hizo, zote mbili. Kilichotulemea ni namna kazi inavyogawanywa. Folda ya pamoja kwenye mtandao si seva ya hifadhidata. Haijui jedwali wala rekodi, inachojua ni kutoa vipande vya faili kwa anayeviomba. Nikitaka orodha ya vifaa ambavyo wenyewe hawajaja kuvichukua, kompyuta yangu ndiyo inayolifungua faili, ndiyo inayosoma faharasa (orodha ya kutafutia rekodi haraka), kisha inavuta kurasa za data, kila moja ya 4 KB, kupitia mtandao hadi mezani kwangu, na kuzichambua hapo. Kompyuta ya jirani yangu nayo inafanya vivyo hivyo. Msimamizi katikati hayupo. Zinapishana kwa kutazama faili dogo la kufuli, lile linaloishia na .laccdb ambalo hutokea pembeni mtu anapofungua, na katika kuandika kila moja inaandika yenyewe.

Sasa mchukue mtu aliyeunganishwa kwa waifai, anahifadhi rekodi, na mawimbi yanakatika ukurasa ukiwa nusu umeandikwa. Hakuna wa kuumalizia wala wa kuurudisha ulivyokuwa. Faili linabaki na jeraha, na anayefuata kulifungua anaambiwa kwamba muundo wa hifadhidata hautambuliki. Tulikuwa tukiwatoa watu wote nje, tunalibana na kulikarabati faili kwa chombo cha Access chenyewe, kisha kazi inaendelea. Mambo hayo yalipoanza kujirudia ndipo tulipokaa na kuamua kuhama.

Wakati huo tulikuwa na jambo moja lililotufaa sana: mfumo ulikuwa umegawanywa zamani. Faili la nyuma lilikuwa na majedwali peke yake, na kila mtumiaji alikuwa na faili lake la mbele lenye fomu, ripoti na kweri, yaani maombi ya data yaliyoandikwa na kuhifadhiwa. Fomu zilikuwa zimeshazoea kusoma majedwali yaliyo mahali pengine, kwa hiyo kuelekeza viungo kwenye seva hakukulazimu kuandika mfumo upya. Aliye na faili moja lenye kila kitu ndani aanze na mgawanyo huo hata kabla hajachagua seva. Pengine utamtosha kwa miaka.

Kuchagua seva hakukutuchukua muda. PostgreSQL na MySQL, seva za hifadhidata zinazojulikana, zote zingeibeba kazi yetu bila shida. Tulikwenda SQL Server, ile ya Microsoft, toleo la Express lisilolipiwa, kwa sababu mbili. Ukomo wake ulikuwa 10 GB kwa kila hifadhidata tangu toleo la 2008 R2, na hiyo ilitutosha. Pia Microsoft wana chombo cha bure cha kuhamisha kutoka Access, SSMA, ambacho husoma majedwali, hupendekeza aina za data upande wa pili, na hutoa ripoti ya vitakavyosumbua kabla hujahamisha chochote. Lingine dogo lililoniongoza ni herufi: Access haitofautishi herufi kubwa na ndogo inapotafuta, SQL Server kwa mpangilio wake wa kawaida haitofautishi pia, lakini PostgreSQL inatofautisha. Watu waliozoea kuandika jina la mteja kwa herufi ndogo na kulipata wangeona data imepotea.

Mahali pa kukaa sana ni kwenye data yenyewe. Faili la mezani ni pole. Linapokea mengi bila kuuliza. Seva haiko hivyo, na nilikuja kuupenda ukali wake.

Nitoe mfano wa tarehe. Access inakubali tarehe kuanzia mwaka 100. Mtu akiwa na haraka, akaruka tarakimu moja, mwaka 2009 unakuwa 209, na Access inaupokea kama mwaka halali, wa karne ya tatu. Kwenye SQL Server, aina ya tarehe ya zamani, datetime, huanza tarehe 1 Januari 1753. Mwaka huo una sababu: Uingereza na makoloni yake walihamia kalenda ya Gregori mwezi Septemba 1752, siku kadhaa zikarukwa, na 1753 ndio mwaka mzima wa kwanza usio na pengo. Kwa hiyo kifaa "kilichopokelewa" mwaka 209 kinakataliwa mlangoni. Aina mpya, datetime2, huanza mwaka 1, hivyo ingekipitisha kimya kimya. Tulizipanga tarehe zote kwa mpangilio wa kupanda, na hapo juu kabisa zikajionyesha zenyewe, kifaa baada ya kifaa, wateja wa karne ambazo umeme haukuwepo. Kila moja ilirekebishwa kwa kutazama kadi ya kazi. Kisha tukaweka sharti kwenye jedwali lenyewe, kwamba tarehe ya kupokea isiwe kabla ya mwaka tulioanza kazi wala isizidi ya leo. Sharti hilo likikaa kwenye fomu, linamhusu anayetumia fomu hiyo tu. Likikaa kwenye jedwali, hakuna wa kulikwepa, awe anaandika kwa fomu, kwa kweri au kwa kumwaga data kutoka Excel.

Kingine kilichotutoa jasho ni rekodi yatima. Jedwali la vipuri lilikuwa na mistari inayotaja namba za kazi ambazo hazipo tena kwenye jedwali la kazi. Uhusiano kati ya majedwali hayo ulikuwa umechorwa lakini haukulazimishwa, basi kazi ikifutwa, vipuri vyake vilibaki vinaelea. Seva ilikataa kuweka ufunguo wa kigeni, yaani sharti kwamba kila namba ya kazi inayotajwa iwepo kweli kwenye jedwali la kazi, mpaka zimalizike. Kishawishi kilikuwa kuzifuta zote kwa amri moja. Nilichapisha orodha nikampelekea mwenzetu wa stoo, akaipitia kwa kalamu. "Hivi si vya kufuta, kaka," akaniambia. "Hivi vilitoka stoo kweli. Ukivifuta, hesabu yangu ya vipuri haitakaa sawa tena." Alikuwa na haki. Tulifungua upya kumbukumbu za kazi hizo kutoka kwenye kadi, tukazitia alama ya kufungwa, na vipuri vikapata mahali pa kukaa. Tangu siku hiyo orodha ya namna hiyo naipeleka kwanza kwa mwenye kazi, maana kwenye skrini yangu ni uchafu na kwake ni mali.

Tofauti ndogo ndogo za lugha kati ya pande hizi mbili ni nyingi, nami nitataja zile ambazo zikikukuta bila kujua zitakulaza njaa. Kisanduku cha tiki: kwenye Access, ndiyo ni -1; kwenye SQL Server ni 1. Kweri iliyoandikwa kutafuta -1 inaweza kufika kwenye seva ikarudi mikono mitupu bila kulalamika. Andika "si sawa na 0" na itafanya kazi pande zote. Zaidi ya hapo, kisanduku cha Access hakiwezi kuwa NULL (yaani bila thamani yoyote), cha seva kinaweza, na hapo ndipo unapoona ujumbe wa ajabu: unahifadhi rekodi, unaambiwa mtu mwingine ameibadilisha, na ofisini uko peke yako. Dawa yake ni kuzuia NULL kwenye safuwima hizo na kuzipa 0 kama thamani ya mwanzo, kisha kuongeza kwenye kila jedwali safuwima ya aina ya rowversion. Seva huibadilisha hiyo kila rekodi inapoguswa, na Access huitazama hiyo peke yake badala ya kulinganisha safuwima moja moja.

Namba za kujiongeza nazo. Katika Access, ukiandika herufi ya kwanza tu kwenye rekodi mpya, namba inatokea. Seva hutoa namba pale rekodi inapohifadhiwa. Fomu yetu ya mapokezi ilikuwa inaichukua namba mapema ili ichapishe risiti ya mteja, hivyo mpangilio ukageuzwa: hifadhi kwanza, soma namba, kisha chapisha. Na faharasa isiyoruhusu marudio: Access huruhusu rekodi nyingi zenye nafasi tupu ndani yake, SQL Server huruhusu NULL moja tu. Namba za utambulisho (serial) za vifaa zilitukwamisha hapo, kwa sababu vifaa vingi vya zamani havina. Faharasa yenye kichujio, inayohesabu zile zenye namba tu, ilimaliza suala.

Sasa kasi, na hapa ndipo kiini cha yote. Watu wanatarajia kwamba ukihamisha majedwali kwenye seva na kuyaunganisha, kila kitu kitakimbia. Baadhi ya fomu zetu zilikuwa nzito kuliko mwanzo. Ili kujua sababu nilifungua ufuatiliaji kwenye seva, nikamwomba mwenzangu afungue fomu ya kazi huku nikitazama amri zinazoingia. Ilikuwa elimu tosha. Kwanza Access iliomba funguo za jedwali zima, kuanzia kazi ya kwanza tuliyowahi kuipokea. Kisha ikaanza kuomba rekodi zenyewe kumi kumi: nipe yenye ufunguo huu, au huu, au huu, mara kumi; halafu kumi nyingine. Mwenzangu alikuwa anataka kazi moja tu, ambayo namba yake alikuwa nayo mkononi. Fomu ilikuwa imejengwa enzi za faili, ambapo kulifungua jedwali zima na kubofya "tafuta" lilikuwa jambo la kawaida, na seva ilikuwa inatii ilichoambiwa.

Tukageuza. Fomu ikawa inafunguka bila rekodi yoyote, ina nafasi ya kuandika namba ya kazi au jina la mteja, na ombi linalokwenda kwenye seva ni la rekodi hizo tu. Ukitazama ufuatiliaji baada ya hapo, unaona amri moja fupi na jibu lake. Mwenzangu alidhani fomu imekwama kwa sababu hakuuona ule mstari wa kusubiri.

Ripoti ya kazi zilizochelewa ilikuwa na ugonjwa wa aina nyingine. Kigezo chake kilitumia fonksheni tuliyoiandika wenyewe kwa VBA, lugha ya programu iliyo ndani ya Access, inayohesabu siku za kazi bila kuhesabu sikukuu. Seva haiijui fonksheni iliyo ndani ya faili langu la mbele. Kwa kuwa haiijui, Access haina namna ila kuvuta rekodi zote hadi mezani na kuzipima moja moja, yaani ule ule mtindo wa folda ya pamoja, safari hii ukiwa na seva inayokaa bila kazi. Tuliihamishia hesabu hiyo kwenye seva: jedwali dogo la sikukuu, na kweri iliyohifadhiwa kule kule, ambayo Access inaiona kana kwamba ni jedwali. Ripoti nyingine nzito tuliziandikia kweri za kupita moja kwa moja, ambazo Access haizigusi wala kuzitafsiri. Hizo lazima ziandikwe kwa lahaja ya seva: alama ya % badala ya * katika kutafuta, tarehe ndani ya alama za nukuu badala ya alama za reli (#), jumlisha (+) badala ya & katika kuunga maneno. Majibu yake hayahaririki, na kwa ripoti hilo halina neno.

Kwa maoni yangu, kuhama kumekamilika pale unapoweza kujibu kwa kila fomu na kila ripoti: nani anayechambua hapa, seva au meza? Kuwapo kwa majedwali kule kwenyewe hakuthibitishi kitu.

Usalama nitaupitia haraka, si kwa sababu ni mdogo, ila kwa sababu hauna mengi ya kujadili. Faili la Access kwenye folda, yeyote anayeweza kulitumia anaweza kulinakili zima na kuondoka nalo. Kwenye seva, watu wa mapokezi wanaongeza kazi na kusoma wateja, hawafuti ankara. Mafundi wanabadilisha hali ya kazi na si zaidi. Ruhusa zilipewa makundi badala ya mtu mmoja mmoja. Na seva isifunguliwe kwa intaneti. Mwezi Januari 2003 programu haribifu iitwayo Slammer ilisambaa duniani kwa dakika chache kupitia poti (mlango wa mtandao) 1434 ya SQL Server, wakati kiraka cha kuizuia kilikuwa kimetolewa tangu Julai 2002. Kusasisha seva ni sehemu ya kazi, kama kuchaji betri za vifaa vya mafundi.

Bekapu inabadilika kabisa. Tulizoea kunakili faili kila jioni. Mafaili ya SQL Server hayanakiliki hivyo seva ikiwa inafanya kazi. Unaiamuru seva itoe bekapu yenyewe, na inatoa watu wakiendelea na kazi. Toleo la Express halina kipanga ratiba chake, kwa hiyo tulitumia kile cha Windows, kinachoendesha sqlcmd, chombo cha kuituma amri seva, kwa saa iliyopangwa. Ukichagua kuhifadhi kumbukumbu kamili ya miamala, yaani ya kila badiliko la data, kumbuka kuibekapu nayo, la sivyo itavimba hadi diski ijae. Sisi tuliichagua, na ilitulipa siku ambapo kweri moja ya kusasisha iliendeshwa bila kigezo, hali ya kazi zote ikageuka kuwa "imetoka". Tulirudisha hifadhidata kwa jina jingine, hadi dakika iliyotangulia tukio, tukachukua safuwima ile tu na kuirejesha kwenye ile inayotumika. Kazi za mchana huo zilizoandikwa baada ya pale hazikupotea. Hilo lisingewezekana kwa nakala ya jana jioni. Liliwezekana pia kwa sababu tulikuwa tumeshajizoeza kurudisha bekapu kabla ya kuihitaji, hadi kila mmoja wetu akaweza kuifanya bila kuuliza.

Kuhama kwenyewe tulikufanyia mazoezi mara kadhaa kwa nakala ya faili. Kila usafi wa data tuliuandika kama amri zinazoweza kuendeshwa tena tangu mwanzo, bila kurekebisha kitu kwa mkono, kwa sababu data ilikuwa inaendelea kuingia upande wa zamani. Baada ya kila zoezi tulilinganisha pande mbili: idadi ya rekodi kwa kila jedwali, jumla ya ankara kwa kila mwezi, tarehe ya kwanza na ya mwisho. Idadi peke yake haitoshi. Rekodi zinaweza kutimia na kiasi kikawa kimekatwa desimali. Siku yenyewe watu walitoka, amri zikaendeshwa, hesabu zikalingana, na faili la zamani likabadilishwa jina na kufanywa la kusomwa tu. Hilo la mwisho msilipuuze. Njia fupi ya mkato iliyobaki kwenye kompyuta ya mtu mmoja inaweza kumpeleka kwenye faili la zamani, akaandika humo siku nzima kazi ambazo wengine hawazioni.

Fomu za Access bado tunazitumia. Wengine walishangaa kwamba hatukuzitupa, lakini zinafahamika, zinachapisha vizuri, na sasa zinafanya kile zinachokiweza: kuonyesha na kupokea. Kila faili la mbele linabeba maelezo ya kuunganishwa ndani yake, kwa hiyo mashine mpya inahitaji draiva mpya ya ODBC tu, ile inayoiunganisha Access na seva. Mpya, kwa sababu ile ya zamani inayokuja na Windows huisoma datetime2 kama maandishi. Kilichobaki ni safuwima za viambatisho, ambamo picha za vifaa vilivyovunjika ziliwekwa tangu enzi za Access 2007. Aina hiyo haina mwenzake kwenye SQL Server. Tunazitoa moja moja kwenda kwenye folda ya seva, jedwali linabaki na njia ya faili, na mafundi wameomba picha zianze kupigwa kabla kifaa hakijafunguliwa.